NI NINI KIMZUIACHO MAMA KUPANGA UZAZI?

Kila mkulima ajua ya kwamba mavuno hayaletwi na mbegu peke yake. Mbegu nzuri ikitupwa penye magugu, au ikipandwa wakati mvua imekwisha, haitaleta kitu. Ndivyo ilivyo pia katika habari ya kupanga uzazi na kujikinga na magonjwa. Dawa zaweza kuwa tele katika dispensari, lakini mama asiyeweza kufika huko, au aliyetishwa na maneno ya majirani, au asiyepewa ruhusa nyumbani, hatafaidiwa nazo.

Mwezi huu twataka kueleza mambo yanayomfanya mama mmoja atumie njia hizi, na mwenzake wa shamba la pili asizitumie. Makala haya si ya akina mama tu. Wazee wa boma, someni nanyi, maana mambo mengi yatakayotajwa hapa yamo mikononi mwenu.

TULIKOTOKA

Mwaka wa 1962, siku zile familia za kwanza zilipokuwa zikigawiwa mashamba ya skimu huko Nyandarua na kwingineko, watu wa Kenya walihesabiwa wakawa milioni 8.6. Mwaka wa 2019 walihesabiwa tena, wakawa milioni 47.6. Nchi ni ile ile. Hakuna hata ekari moja iliyoongezeka.

Katika mwaka huo huo wa 1962 Chama cha Kupanga Uzazi cha Kenya kilianzishwa, na mwaka wa 1967 Serikali ikaanza mpango wa taifa zima. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza katika Afrika iliyo kusini ya Sahara kufanya hivyo. Lakini kazi ilikwenda polepole sana mwanzoni. Tazama hesabu hizi za wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia yo yote ya kupanga uzazi:

Mwaka wa 1978: 7 kwa mia.
Mwaka wa 1984: 17 kwa mia.
Mwaka wa 1989: 27 kwa mia.
Mwaka wa 1998: 39 kwa mia.
Mwaka wa 2003: 39 kwa mia.
Mwaka wa 2014: 58 kwa mia.
Mwaka wa 2022: 63 kwa mia.

Na idadi ya watoto ambao mwanamke mmoja huzaa maishani mwake, kwa wastani, ilikuwa 8.1 mwaka wa 1978. Mwaka wa 2022 ilikuwa 3.4.

Msomaji ataona ya kwamba kati ya 1998 na 2003 hesabu ilisimama pale pale. Watu hawakukataa ghafula. Miaka hiyo Ukimwi ulikuwa umetangazwa kuwa janga la taifa, mwaka wa 1999, na fedha na nguvu nyingi zilielekezwa huko. Dawa za kupanga uzazi zikapungua katika vituo. Hili ni fundisho la kwanza: mama aweza kuwa tayari kabisa, lakini akifika kituoni mara mbili na kuambiwa dawa hakuna, mara ya tatu hatakwenda.

SHAMBA HALIKUI PAMOJA NA WATOTO

Tufanye hesabu. Tuseme mzee mmoja alipata shamba la ekari 15 mwaka wa 1963, akazaa watoto wanane kama wenzake wengi wa siku zile. Shamba likigawanywa sawasawa, kila mtoto hupata chini ya ekari mbili. Ikiwa kila mmoja wa hao amezaa watoto wanne, kila mjukuu atapata karibu nusu ekari. Nusu ekari haiwezi kulisha ng'ombe wa gredi na ndama wake, na bado mahindi, viazi, nyumba na choo havijapewa mahali.

Wakulima wa Mwea waliogawiwa ekari nne nne za mpunga wameielewa hesabu hii siku nyingi, kwa sababu shamba la mpunga lina mipaka ya maji na haliwezi kusogezwa.

Lakini shamba si sababu ya kwanza ya kupanga uzazi. Sababu ya kwanza ni uhai wa mama na mtoto. Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha ya kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wakiwa hai, akina mama 362 walikufa kwa ajili ya mimba au kuzaa. Hatari huzidi mimba zikifuatana upesi, mama akiwa mchanga mno au mwenye umri mkubwa, au akiwa amezaa mara nyingi. Shirika la Afya la Dunia lashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Yaani kati ya mtoto na mtoto ipite karibu miaka mitatu.

Mkulima wa maziwa ajua ya kwamba ng'ombe hukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa ili mwili wake upate nguvu. Mama si ng'ombe, wala hatumlinganishi na mnyama. Lakini yafaa mtu ajiulize: ikiwa nazihesabu siku za kumpumzisha ng'ombe wangu na kuziandika katika kitabu, je, nimehesabu siku za mapumziko ya mama wa watoto wangu?

SHULE NA NJIA

Wachunguzi wakipita nchi nzima huona tofauti kubwa. Mwaka wa 2022, katika Embu wanawake walioolewa 75 kwa mia walikuwa wakitumia njia za kisasa. Katika Mandera walikuwa 2 kwa mia. Je, wanawake wa Mandera hawawapendi watoto wao? La. Vituo viko mbali mno, wasichana wengi hawakupata shule, watu huhama na mifugo, na desturi na mafundisho ya dini husemwa kwa namna nyingine.

Shule ndiyo ionekanayo kuwa na nguvu kuliko yote. Katika uchunguzi huo huo, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba walikuwa 15 kwa mia katika nchi nzima. Lakini kati ya wale wasiokwenda shule kabisa walikuwa 38 kwa mia, na kati ya wale waliopita sekondari walikuwa 5 kwa mia. Samburu ilikuwa na 50 kwa mia. Nyeri na Nyandarua zilikuwa na 5 kwa mia, nazo ndizo zilizokuwa chini kuliko zote. Nyandarua ni nchi ya skimu. Wazee waliouza pareto, viazi na maziwa ili walipe karo ya binti zao walikuwa wakifanya kazi kubwa kuliko walivyojua.

Kwa nini shule husaidia? Msichana aliye darasani huchelewa kuolewa. Akijua kusoma aweza kusoma karatasi ya dawa mwenyewe. Naye huzoea kuuliza maswali, hata mbele ya mganga mwenye haraka.

Baada ya shule huja njia. Mama aliye na mtoto mgongoni, ng'ombe wa kukamua saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri, na palizi ya mahindi, hana siku nzima ya kupoteza kwenye foleni. Kwa hiyo kituo kilicho mbali ni sawa na kituo kilichofungwa.

KAZI YA CHOGORIA

Dawa ya ugonjwa huo wa umbali ilionekana zamani. Katika miaka ya 1970 na 1980 hospitali ya Chogoria, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, haikungoja akina mama waje. Ilijenga dispensari ndogo katika vijiji, ikachagua watu wa huko huko na kuwafundisha, nao wakawa wakienda nyumba kwa nyumba, wakieleza mambo ya kupanga uzazi kwa lugha ya nyumbani. Ilipofika mwaka wa 1985, wanawake wa sehemu ile waliokuwa wakitumia njia za kupanga uzazi walikuwa zaidi ya mara mbili ya kiasi cha nchi nzima.

Watu wa Chogoria walikuwa wakulima wa kahawa na chai kama wakulima wengine. Tofauti ilikuwa kwamba habari na dawa ziliwafikia mlangoni, zikiletwa na mtu wamjuaye. Siku hizi kazi hii hufanywa na wahudumu wa afya wa vijiji. Mkaribishe mhudumu afikapo kwako, wala usimwulize mambo mlangoni watu wakisikia.

MANENO YA SOKONI

Kuanzia mwaka wa 1994 mtaalamu Susan Watkins na wenzake walikaa na wanawake wa vijijini katika Nyanza ya Kusini, wakiwauliza huzungumza na nani habari za kupanga uzazi. Waliona ya kwamba mama haendi kliniki kwa sababu ya tangazo peke yake. Kwanza huuliza marafiki zake: kisimani, kanisani, sokoni. Mahali penye soko kubwa, mama hukutana na watu wengi tofauti, hupata habari nyingi, kisha huamua mwenyewe. Mahali pasipo na soko kubwa, hao awaulizao ni wale wale wajuanao wote, na mara nyingi hufuata tu yale wafanyayo wenzake.

Basi maneno ya majirani yana nguvu kama dawa yenyewe. Kwa hiyo yafaa yawe maneno ya kweli. Hapa twaweka machache yasemwayo, pamoja na majibu yake.

Husemwa: "Sindano humfanya mwanamke kuwa tasa." Jibu: Si kweli. Lakini yafaa kujua ya kwamba baada ya kuacha sindano mimba huchelewa. Kwa wastani hupita miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Mama atakaye mtoto upesi afadhali achague njia nyingine.

Husemwa: "Damu isipotoka hujikusanya tumboni na kuwa uvimbe." Jibu: Hapana. Dawa huzuia ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi usijengeke kila mwezi, kwa hiyo hakuna damu ya kutoka. Hakuna kilichozuiliwa ndani.

Husemwa: "Kijiti hutembea mwilini mpaka moyoni." Jibu: Kijiti hutiwa chini ya ngozi ya mkono, nacho hukaa hapo. Mama aweza kukigusa kwa kidole. Ni nadra sana kusogea.

Husemwa: "Vidonge hujikusanya tumboni." Jibu: Huyeyuka kama dawa ya malaria au ya kichwa.

Husemwa: "Koili humchoma mume." Jibu: Koili yenyewe iko ndani ya tumbo la uzazi, haiguswi. Pengine mume husikia nyuzi zake. Mama arudi kliniki, muuguzi atazikata ziwe fupi.

Hata hivyo si kila hofu ni uongo, na si vizuri kumcheka mama alalamikaye. Dawa hizi zaweza kubadili hedhi: damu hutoka ovyo, au kidogo kidogo siku nyingi, au hukoma. Wengine huumwa kichwa. Wengine huongezeka uzito, hasa kwa sindano. Uchunguzi wa 2014 ulionyesha ya kwamba karibu thuluthi moja ya walioanza njia fulani waliiacha kabla ya mwaka kwisha, na sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa matatizo ya dawa. Mama aliyeonywa mapema hastuki aonapo mabadiliko. Mama aliyepewa dawa bila maelezo huitupa, kisha huenda sokoni kuwaambia wenzake. Kwa hiyo muuguzi anayemfokea mama au kumharakisha hupoteza akina mama kumi kwa siku moja.

Na wewe mama, ikiwa njia moja imekukataa, usiache kabisa. Rudi uombe nyingine.

MUME, MAMA MKWE NA PESA ZA MAZIWA

Sasa tuje nyumbani, maana humo ndimo mambo mengi huamuliwa.

Katika boma nyingi za nyanda za juu, maziwa ya asubuhi hupelekwa kwa chama cha ushirika na malipo huingia katika jina la mzee. Maziwa ya jioni ndiyo ya mama: ya chai, ya watoto, na kidogo ya kuuza kwa jirani. Mama asiye na shilingi yake mwenyewe huomba nauli ya kwenda kliniki. Na aombaye nauli huulizwa aendako. Hivyo, pesa za mama zina sehemu kubwa katika afya yake. Mama aliye na kuku wake, au mchango wake katika chama cha akina mama, au sehemu ya malipo ya maziwa, huweza kwenda kutibiwa bila kungoja.

Waume wengine hukataa kwa sababu hawajaelezwa. Hudhani mke apangaye uzazi ataanza kutembea nje. Tujibu waziwazi: uaminifu hauletwi na mimba wala hauondolewi na kidonge. Mume akikataa, mara nyingi mke huenda kwa siri. Huchagua sindano kwa sababu haionekani, na huificha kadi yake kwa jirani. Siri hiyo ina hatari yake, maana akipatwa na tatizo hatakuwa na wa kumwambia. Afadhali mzungumze. Na afadhali zaidi mwende kliniki pamoja.

Mama mkwe naye ana neno lake. Yeye alizaa wanane au kumi, na aona bibi arusi mwenye watoto wawili kuwa hajafanya kazi. Hatumlaumu. Siku zake wengi walikufa wachanga, na watoto ndio waliokuwa mikono ya shamba. Leo watoto huchanjwa, hukaa shuleni mpaka utu uzima, na karo hulipwa kwa pesa taslimu. Mwambie kwa heshima. Mama wakwe wengi, wakielezwa hesabu ya shamba, huwa wa kwanza kukubali.

Halafu kuna jambo la mtoto wa kiume. Mama mwenye binti wanne huendelea kuzaa akimtafuta mvulana wa kurithi shamba, maana huogopa kufukuzwa mumewe akifa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani. Lakini Katiba ya mwaka wa 2010 yakataza ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke katika sheria na desturi za ardhi, na Sheria ya Urithi haimtengi binti na kaka yake. Mzee atakayeandika wosia wake vizuri, na kumweka mkewe na binti zake ndani yake, ataondoa mzigo huo.

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, pamoja na afya ya uzazi. Kwa hiyo dawa hizi si upendeleo wa mtu ye yote. Na kadhalika hakuna awezaye kulazimishwa kuzitumia. Kuchagua ni kwa mama mwenyewe.

NJIA ZENYEWE KWA UFUPI

Vidonge: humezwa kila siku saa ile ile. Ukisahau mara kwa mara, havitakusaidia. Mwenye shinikizo la damu, au mwenye kunyonyesha mtoto mchanga, amwambie muuguzi, maana si kila namna ya vidonge yamfaa.

Sindano: kila miezi mitatu. Andika tarehe ya kurudi katika kalenda ya nyumbani.

Kijiti: hutiwa mkononi, hufanya kazi miaka mitatu au mitano kwa namna yake. Kikitolewa, uzazi hurudi upesi. Mwaka wa 2014 wanawake walioolewa 10 kwa mia walikuwa nacho. Mwaka wa 2022 walikuwa 19 kwa mia. Kwa mama wa shamba aliye mbali na kituo, faida yake ni kutokwenda foleni mara kwa mara.

Koili ya shaba: hukaa miaka 10 au zaidi, haina homoni.

Kondomu: ndiyo peke yake izuiayo mimba na magonjwa pamoja.

Kunyonyesha: huzuia mimba ikiwa mambo matatu yote yapo. Mtoto hajatimiza miezi sita, hapewi cho chote ila maziwa ya mama mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, tafuta njia nyingine mara moja.

Kufunga uzazi: kwa mwanamke au mwanamume ambaye hataki mtoto tena kabisa. Kwa mwanamume ni jambo dogo, haondolewi nguvu zake za kiume, na hurudi nyumbani siku ile ile.

Vidonge vya dharura: kwa aliyekutana na mwanamume bila kinga, au aliyelazimishwa. Vimezwe upesi iwezekanavyo, wala zisipite siku tano.

Neno la tahadhari: baadhi ya dawa za kifua kikuu na za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Ikiwa unatumia dawa yo yote, itaje.

KUZUIA MIMBA SI KUZUIA UGONJWA

Hapa wengi hukosea. Sindano, kijiti, vidonge na koili ni ua la upande mmoja tu. Havizuii Ukimwi, kaswende wala kisonono.

Ukimwi ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984. Uchunguzi wa mwaka wa 2018 ulionyesha ya kwamba watu wazima wenye virusi walikuwa 4.9 kwa mia: wanawake 6.6 na wanaume 3.1. Wanawake ni zaidi ya mara mbili. Sababu moja ni mwili wenyewe, maana mwanamke huambukizwa kwa urahisi zaidi. Sababu nyingine ni kwamba wasichana hutafutwa na wanaume wenye umri mkubwa na pesa. Na sababu ya tatu ni kwamba mke wa nyumbani hawezi kumwambia mumewe avae kondomu bila kuonekana kana kwamba amemshtaki.

Watu walikuwa wakiuliza kama sindano yenyewe huleta Ukimwi kwa urahisi. Swali hilo lilichunguzwa katika Kisumu na katika miji ya Afrika ya Kusini, Zambia na Eswatini, kwa wanawake 7,829, na majibu yakatolewa mwaka wa 2019. Haikuonekana tofauti kubwa kati ya waliotumia sindano, kijiti na koili ya shaba. Lakini katika njia zote tatu wanawake 397 waliambukizwa wakati wa uchunguzi. Maana yake ni wazi. Njia ya kuzuia mimba si kosa, ila haitoshi. Aliye na mashaka atumie mbili: moja kwa mimba, na kondomu kwa ugonjwa.

Wakulima wa skimu wana hatari zao. Mume afanyaye kazi mjini hurudi mwisho wa mwezi. Vibarua wa mavuno hutoka mbali. Siku ya malipo ya mahindi au ya maziwa, baa hujaa. Mke na mume wapimwe pamoja, na wapimwe tena. Ikiwa mmoja ana virusi na mwenziwe hana, ndoa haijavunjika. Aliye navyo akimeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane katika damu, hatamwambukiza mwenziwe kwa kujamiiana. Na tangu mwaka wa 2017 Kenya imekuwa na vidonge vya kumkinga asiye navyo. Mtu aliyelazimishwa, au aliyepasukiwa na kondomu, akimbie hospitali kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi.

VIJANA WETU

Wazazi wengi huogopa ya kwamba kumweleza kijana mambo haya ni kumfungulia mlango. Lakini mlango una wafunguaji wengi: simu, marafiki, wenye pikipiki wampao msichana lifti akienda shule. Asipofundishwa na mama au shangazi, atafundishwa na hao. Msichana akipata mimba, asifukuzwe nyumbani wala asiozwe. Sheria ya Ndoa ya 2014 yakataza kuoa au kuolewa kabla ya miaka 18, na tangu mwaka wa 1994 Serikali imeruhusu mama mwanafunzi arudi shuleni. Tena kuna chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka wa 2019 wasichana wa miaka 10 hupewa. Mpeleke binti yako akapate.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mwende kliniki pamoja, mume na mke, mchague njia baada ya kuelezwa zote.

2. Uliza matatizo ya kila njia kabla ya kuanza. Likitokea jambo, rudi kliniki kwanza kabla ya kwenda sokoni.

3. Mama awe na pesa zake, hata kama ni kidogo.

4. Ngojeni angalau miaka miwili baada ya kuzaa kabla ya mimba nyingine.

5. Penye mashaka ya ugonjwa, kondomu pamoja na njia nyingine.

6. Binti abaki shuleni mpaka amalize.

Mwaka wa 2022, wanawake walioolewa 14 kwa mia walitaka kupumzika au kuacha kuzaa, lakini hawakuwa wakitumia njia yo yote. Hao si wakaidi. Ni wale waliozuiwa na umbali, hofu, ukosefu wa dawa, au neno la nyumbani. Umbali na dawa ni kazi ya Serikali na kaunti, na mna haki ya kuzidai katika baraza. Hofu huondolewa na habari za kweli. Lakini neno la nyumbani, ndugu mkulima, ni lako wewe. Litoe jioni hii baada ya kukamua.